Mama Mkwe Mbele ya Lori Namba Kumi na Nne

Wasomaji wangu, juma hili mmenitesa. Kinyozi wangu alinishikia wembe shingoni akaniuliza kama yule mtu wa darajani alikufa au hakufa. Mama mmoja wa Lemara ameniandikia barua ya kurasa mbili, ananilaumu kwamba nimemgonga mtu asiye na kosa ili gazeti linunuliwe. Basi tulieni. Hakufa mtu.

Mnakumbuka tulipoishia. Ni enzi za Mwingereza, Jumamosi asubuhi, barabara ya Moshi kuja Arusha. Nathanaeli, dereva kijana wa Kimeru, anakuja mbio na lori namba kumi na nne lililosheheni chumvi na mabati. Nyuma yake anafukuzwa na Lerionka, Mwarusha mwenye mabega mapana, kwenye lori namba tisa la kampuni hiyo hiyo. Kona ya mwisho kabla ya Tengeru, daraja jembamba likatokea, na katikati yake amesimama mtu. Nathanaeli akakanyaga breki kwa miguu yote miwili na vumbi likafunika kila kitu.

Vumbi lilipotua, lori lilikuwa limesimama hatua nne tu kutoka kwa yule mtu. Nathanaeli akashusha pumzi, akamshukuru Mungu. Kisha akamtazama vizuri, akatamani yule mtu angekuwa simba.

Alikuwa mama mkwe wake.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza unacheka. Ngoja nikueleze, ndipo ucheke vizuri.

Kampuni ile ilikuwa imepata meneja mpya, Bwana Harlow. Madereva walimwita Bwana Dakika, kwa sababu alikuwa na saa ya mnyororo ambayo aliitazama hata alipokuwa anasalimiwa. Kabla yake, dereva alilipwa kwa mwezi kulingana na miaka yake ya kazi, mvua inyeshe, jua liwake. Bwana Dakika akafuta mpango huo, akaleta ngazi tatu za mshahara.

Ngazi ya kwanza ni shilingi mia mbili na njia ya Moshi, usiku mmoja ugenini, usiku mmoja nyumbani. Ngazi ya pili ni mia na thelathini. Ngazi ya tatu ni themanini, tena ni njia ya Dodoma, ambako mtu huondoka amenyoa akarudi na ndevu. Matingo wote wakaachishwa kazi ili kampuni iokoe fedha. Nani apande na nani ashuke? Kitabu cha getini kitaamua. Kila lori linaloingia kabla ya saa iliyopangwa linapata alama, na alama zitahesabiwa kwa miezi miwili.

Miezi ile miwili iliharibu watu. Zamani dereva hakuwa na ubavu wa kumpita mwenzake mwenye pancha. Angesutwa mpaka na mkewe. Sasa kila mmoja alipomwona mwenzake amepiga magoti kando ya tairi, aligeuza shingo upande wa pili akatazama Mlima Meru. Hapajawahi kuwa na watu waliopenda ule mlima kama madereva wa Bwana Dakika. Na wazee wa vijijini, waliozoea kusimamishiwa lori na kuulizwa habari za nyumbani, walibaki wanafuta vumbi machoni.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Ngazi ya pili imejaa. Ngazi ya kwanza imebaki nafasi moja tu, na Nathanaeli na Lerionka wanalingana alama. Lori litakalotangulia kuingia getini kabla ya saa sita mchana ndilo litakalomwokoa dereva wake. Mwingine ni Dodoma. Na Aika, mke wa Nathanaeli, yuko nyumbani kwao Sekei na mimba ya miezi minane, tena ya kwanza.

Sasa turudi darajani. Simba unampigia honi. Mama mkwe humpigii honi, humpiti, humtazami usoni, wala hupazi sauti akiwa karibu. Ukikutana naye njiani unatoka njiani wewe, mpaka apite. Heshima si utumwa, walisema wazee, lakini wazee wale hawakuwahi kuendesha lori la chumvi.

Nathanaeli hakufikiri mara mbili. Akazima moto, akaruka chini na kutokomea migombani. Mpango wake ulikuwa mzuri. Mama atavuka daraja, atashika njia yake, naye atarudi kwenye usukani. Alikadiria dakika tatu.

Ila yule mama mkwe, Mama Marta, naye ni mtu wa heshima zake. Lile lori alilitambua kwa mlio kabla hajaliona. Akautua mkungu wa ndizi aliokuwa ameubeba, akageuza mgongo, akajifunika kanga gubigubi, akakaa kwenye jiwe ukingoni mwa daraja. Kwa mila hiyo ni kusema, pita baba, mimi sikuoni. Mpango wake nao ulikuwa mzuri. Hakukumbuka tu kwamba ukingo wa pili wa daraja umezibwa na mawe ya mafundi wa barabara, na pale ukingoni alipokaa ndipo ilipobaki njia yenyewe.

Mambo yakawa hivi. Mkwe yuko migombani, anangoja mama apite. Mama yuko darajani, anangoja mkwe apite. Kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa moyo wote, na hakuna anayesogea. Saa ya Bwana Dakika kule Arusha inatembea. Na migombani, Nathanaeli amesimama juu ya njia ya siafu na hawezi kupiga kelele.

Lori namba tisa likafika na kusimama nyuma kwa mlio wa breki. Lerionka alipiga honi mpaka ndege wakahama. Alipoona hajibiwi akashuka, akaenda mbele, akakuta usukani hauna mtu. Alikuwa ameandaa matusi ya kutosha, ya Kiswahili na ya Kimaa. Ndipo aliposikia mgomba unaongea kwa kunong'ona.

"Lerionka. Niko huku."

"Unafanya nini huko?"

"Humwoni yule aliyekaa pale?"

"Namwona. Ni nani?"

"Ni mama wa nyumbani kwangu."

Matusi yote yakamwishia Lerionka mdomoni. Yeye mwenyewe ana mama mkwe kule Kisongo, na aliwahi kukaa ndani ya pipa tupu tangu asubuhi mpaka jua la utosi, kwa sababu yule mama alikuja kununua maziwa akaanza mazungumzo. Kwa jambo hili hakuwa na la kumlaumu mtu. Akajifuta jasho, akaenda darajani kusuluhisha.

"Takwenya, yeyo," akasema, kama anavyosalimiwa mama mtu mzima Uarushani.

"Iko," akajibu Mama Marta kutoka ndani ya kanga, kwani hakuna Mmeru asiyeijua salamu hiyo.

Salamu ikianza, haikatwi. Mama Marta akauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua ya kwao. Lerionka akajibu moja moja, naye akauliza za kwake. Kahawa imechanua? Mzee wa nyumbani hajambo? Akajikuta amechuchumaa, kiwiko juu ya goti. Kisha akashtuka, akakumbuka kwamba kwa miezi miwili hajamsalimu mtu mzima yeyote hivi. Alisikia raha aliyokuwa ameisahau, na akaona haya kwa kuisahau.

Alipofika kwenye neno lenyewe, Mama Marta alikataa kwa upole. Hawezi kuinuka na kutembea mbele ya mkwe wake akitazamwa mgongo. Mkwe apite kwanza. Lerionka akapeleka habari migombani. Nathanaeli akajibu kwamba hawezi kumpita mama amekaa pale. Mama apite kwanza. Lerionka akairudisha habari darajani. Akaenda tena, akarudi tena. Siku ile Lerionka alitembea kwa miguu kuliko alivyotembea mwaka mzima.

Mwishowe Mama Marta mwenyewe ndiye aliyefungua fundo. Alisema anakwenda Sekei kumwona binti yake, na miguu inamuuma. Mkwe hawezi kumchukua, lakini yeye Lerionka si mkwe wake, ni mtoto wa jirani. Kwa nini asimpandishe kwenye lori, wakaondoka, na njia ikafunguka?

Kanuni ya kampuni ilisema dereva atakayepakia abiria atafukuzwa kazi siku ile ile. Ila mtu mzima amekuomba akiwa amekaa juu ya jiwe, tena mmekwisha kusalimiana. Lerionka akauchukua mkungu wa ndizi. Na kwa kuwa lori lake limezibwa nyuma, akampandisha mama kwenye lori lililokuwa mbele, namba kumi na nne, akawasha moto. Kabla hajaondoka alichungulia dirishani, akaiambia migomba kwamba namba tisa lina funguo ndani, alifuate.

Akavuka daraja. Nathanaeli akatoka migombani anajikuna mpaka kwenye nywele, akapanda lori namba tisa, akafuata. Saa ilikuwa tano na dakika kumi. Kila mmoja alijiona mjanja kwa kuwa ameondoka pale.

Walifika mbali. Walifika mpaka kwenye soko la Tengeru, ndipo Lerionka alipokumbuka kitabu.

Kitabu cha getini kinaandikwa na karani Elieza, mtu mwaminifu mwenye miwani ya fremu ya waya. Elieza haandiki majina. Kila dereva ana lori lake, kwa hiyo yeye anaandika namba ya lori na saa. Namba kumi na nne ikiingia kwanza, nafasi ni ya Nathanaeli, hata kama usukani ameushika malaika. Lerionka alikuwa anamkimbiza mshindani wake kwenye ngazi ya kwanza kwa mguu wake mwenyewe.

Akaachia mafuta. Lori likapunguza mwendo mpaka mbuzi wa sokoni wakaanza kulipita.

Na nyuma, Nathanaeli alikuwa amepiga hesabu hiyo hiyo. Naye ameshika usukani wa namba tisa. Akitangulia, atampa Lerionka nafasi. Akaachia mafuta naye.

Watu wa Tengeru hawajapata kuona jambo kama lile. Malori ambayo kwa miezi miwili yalikuwa yanapita kwa kuwarusha kuku, leo yanatambaa moja nyuma ya jingine kama maharusi. Akina mama waliokuwa wamekwisha kukumbatia vikapu vyao wakaviachia. Mzee mmoja akainua fimbo kusalimia kwa mazoea tu, na madereva wote wawili wakasimama kabisa, wakamsalimia, wakamuuliza habari za nyumbani kwake kwa kirefu. Mzee alikwenda akihubiri kwamba Bwana Dakika ameokoka.

Lerionka akatoa mkono dirishani, akamwashiria Nathanaeli apite. Nathanaeli akajifanya haoni. Na hata angetaka, angepitaje? Mama mkwe yumo mle mbele. Mara hii mila ilikuwa upande wake, naye akastarehe kwenye kiti cha watu, akaanza kupiga mluzi.

Kubadilishana malori nako kulishindikana. Nathanaeli hawezi kulikaribia lori alimokaa mama mkwe wake. Mpaka ashuke.

Mama Marta si mjinga. Akauliza mbona kijana anaendesha hivi, gari limeugua? Lerionka ni mtu asiyejua kufunga mdomo, na mama yule alikuwa na namna ya kunyamaza inayomfanya mtu aongee. Akaeleza yote. Ngazi tatu, kitabu, saa sita, Dodoma. Alipomaliza hayo hakuweza kukomea hapo, akaeleza na lile ambalo halikuulizwa. Juma lililopita, pale Kikatiti, alimkuta Nathanaeli na pancha kwenye jua kali, jeki imevunjika. Alimwona vizuri. Akatazama mlima, akapita.

Mama Marta akauweka sawa mkungu wa ndizi mapajani.

"Ulimwacha juani," akasema.

"Nilimwacha, yeyo."

"Nani alimfundisha kuendesha?"

Lerionka akajibu, "Mimi."

"Na leo unataka umwachie njia ya Dodoma pia."

Hakusema kwa ukali. Lerionka alitamani angesema kwa ukali. Akatazama barabara, akatazama mikono yake kwenye usukani. Ana watoto wanne na mkewe Namnyaki, na shilingi themanini hazitoshi hata mahindi ya watoto wale. Lakini alikumbuka jinsi yule kijana alivyoinua mkono pale Kikatiti, akidhani rafiki yake amekuja.

Akakanyaga mafuta. Namba kumi na nne ikaruka mbele ikiacha wingu.

Nyuma, mluzi wa Nathanaeli ukakatika. Dereva hana haja ya kuelezwa. Lori linalokimbia vile linakimbilia getini, na Lerionka anajua fika nani atapewa nafasi likiingia. Basi anaitoa. Anampa.

Na hapo Nathanaeli akakumbuka neno ambalo hakulisema hata kwa Aika. Madereva wa Moshi hulala chumba kimoja, na desturi ni kwamba anayeamka kwanza anamwamsha mwenzake. Siku kumi zilizopita aliamka kwanza. Alitoka na viatu mkononi, akapita juu ya miguu ya Lerionka, akaenda kuipata ile alama iliyowafanya walingane leo. Lerionka aliamka jua limechomoza na hakumuuliza kitu. Sasa mtu huyo huyo anamkimbizia riziki yake getini.

Nathanaeli aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Wasomaji, mbio mmeziona nyingi katika hadithi hii. Hizi zilikuwa za aina nyingine. Hawa wawili walishindana kila mmoja ili ashindwe yeye. Lerionka mbele anataka kuingia kwanza ili Nathanaeli abaki nyumbani, na Nathanaeli nyuma anataka kumpita ili Lerionka abaki. Chumvi inamwagika, mabati yanapiga kelele, mbwa wa njia nzima wanabweka.

Nathanaeli aliitegemea njia panda ya Sekei. Pale mama atashuka, lori litasimama, naye atapita. Kwa mbali akaona namba kumi na nne ikipunguza mwendo. Akaweka gia tayari.

Mle ndani, Lerionka alikuwa amekwisha kushika breki. Mama Marta akamgusa mkono.

"Endesha," akasema. "Nitashukia huko huko kwenye kazi yenu."

Lori halikusimama. Nathanaeli alipigwa na bumbuwazi. Zilibaki dakika saba, na mama mkwe bado yumo, kwenye lori lile lile ambalo lazima alipite.

Akafanya jambo ambalo mpaka leo wazee wa Sekei wanabishana kama ni adabu au si adabu. Alivuta kofia ikafunika shavu lote la kushoto mpaka kidevuni, akageuza uso upande wa mlima, akabakiza jicho moja la kuonea barabara, akatoka kando na kuanza kupita. Mama Marta alisikia lori ubavuni, akajua, akavuta kanga usoni. Hivyo wakaenda sambamba, hakuna aliyemwona mwenzake, na watu waliokuwa wakivuka barabara wakarudi walikotoka.

Wakaingia mjini pua kwa pua. Geti likaonekana. Elieza alikuwa amesimama kando na kitabu wazi, na Bwana Dakika kando yake, saa mkononi. Lerionka hakupunguza. Nathanaeli hakupunguza. Wote wawili walijua kwamba geti lile ni la lori moja.

Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa waliingia. Au tuseme waliingia nusu. Palisikika mlio wa chuma kikisuguana, nguzo mbili zikatikisika na moja ikavunjika, na malori yakakwama pale yakiwa yamebanana, pua zote ndani, mikia yote nje. Wakati huo huo mlinzi akagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, kama alivyofanya kila siku.

Saa sita.

Bwana Dakika akamuuliza Elieza ni namba gani iliyotangulia. Elieza akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akapima kwa macho. Akasema kwa uaminifu wake wote kwamba hajui.

Bwana Dakika akazunguka mwenyewe, na kila hatua ikamkutanisha na jambo baya zaidi. Kwenye namba tisa akamkuta Nathanaeli. Kwenye namba kumi na nne akamkuta Lerionka. Na kando ya Lerionka akamkuta mama mtu mzima na mkungu wa ndizi mapajani. Malori yamebadilishwa, abiria amepakiwa, geti limevunjika. Kwa kosa moja tu kati ya hayo mtu alifukuzwa mwezi uliopita. Uso wake ulibadilika rangi mara mbili.

Lakini alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilimtaka asikilize kwanza. Akawashusha. Madereva wengine wakatoka kivulini wakasogea. Akamnyooshea kidole Nathanaeli, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka:

"Kumi na nne ni lako. Eleza. Ukinyamaza, wote wawili hamna kazi."

Nathanaeli akafumbua mdomo, akaufumba. Hatua tatu kutoka kwake, Mama Marta alikuwa ameteremka na kusimama, kanga kichwani. Kuongea mbele yake na mbele ya kadamnasi, kwa sauti ya kujitetea, lilikuwa jambo ambalo ulimi wake haukufundishwa. Akainamisha kichwa, kofia ikamfunika macho. Lerionka akaanza kueleza, na Bwana Dakika akamkatiza, hakumuuliza yeye.

Bwana Dakika akaitazama saa. Madereva walimtazama Nathanaeli, kila mmoja akijua kinachomfunga, na hakuna aliyeweza kumfungulia. Elieza akainamisha kitabu kwa huzuni, kwa kuwa alijua kitakachoandikwa ndani.

Ndipo Mama Marta alipoivua kanga kichwani. Aliikunja taratibu, akaiweka begani, akamgeukia mkwe wake na kumtazama usoni mchana kweupe, mbele ya watu wote.

"Nathanaeli," akasema.

Miaka mitatu amekaa na Aika, na jina lake halikuwahi kutoka kwenye kinywa kile. Alikuwa baba wa kwa Aika, alikuwa yule kijana, alikuwa mwenyewe wa Sekei. Leo alikuwa na jina. Madereva wa Kimeru waliokuwa pale walitazama chini kwa haya, na mmoja akajipangusa macho, akasingizia vumbi.

"Nathanaeli, mwanangu. Sema tu. Mimi nikiwapo."

Kijana akavua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyaficha. Akamtazama Bwana Dakika, akatamka maneno matatu ambayo hakuna mtu pale aliyeyategemea.

"Andika namba tisa."

"Si kweli," akasema Lerionka kabla hajamaliza. "Andika kumi na nne, Bwana. Ndilo lililotangulia."

"Ni tisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeliendesha."

"Alikuwa na kofia usoni, hakuona kitu. Ni kumi na nne."

Bwana Dakika aliwatazama kwa zamu. Miezi miwili alikuwa amesoma mashtaka ya madereva wakisingiziana, huyu amenipita, yule amenidanganya saa. Hakuwahi kusikia mtu akipigana ili apewe Dodoma. Akamtazama na Mama Marta, ambaye naye alimtazama yeye bila kupepesa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: aliitia saa mfukoni bila kuisoma.

Akanyoosha mkono, akachukua kalamu ya Elieza, akakiweka kitabu juu ya bamba la mbele la namba tisa na kuinama kuandika yeye mwenyewe. Aliandika kwa muda mrefu kuliko namba moja inavyohitaji. Alipomaliza akakifunga, akamrudishia karani, akaenda ofisini na kufunga mlango.

Madereva wote wakamgeukia Elieza. Elieza akakifungua kitabu, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili. Kisha akakaa chini juu ya vipande vya nguzo iliyovunjika, akavua miwani, akasema hawezi kuyasoma maneno yale kwa sauti mpaka mtu amwite Aika kutoka Sekei. Maneno yenyewe, wasomaji wangu, mtayasikia juma lijalo.